Kisima cha Bwana Hakikauki

Juni 2
Nimemaliza kubebesha mstari wa mwisho wa michungwa. Kisu kilikuwa kikali, mikono haikutetemeka, na vijicho vyote vya michungwa nilivyopachika vimekaa vizuri kwenye mashina ya milimau. Kazi iliyobaki ni kumwagilia tu hadi mvua zianze, kwani shule mpya ya ng'ambo ya bwawa inaichukua miche yote ya kitalu hiki. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe kuitazama. Akauliza, "Na maji ya kiangazi kizima utayatoa wapi?" Nikampeleka kisimani nikamwambia achungulie. Akachungulia, akauona uso wake pale chini. Hapo sikuhitaji kuongeza neno, ila niliongeza. Nilimwambia tangu nikichimbe kisima hiki hakijakauka, hata ule mwaka watu walipochota tope mtaa mzima. Mke wangu alikuwa akianika nguo, akacheka kwa pua. Yeye ndiye aliyenibandika jina la Bwana Hakikauki, na sasa wote wananiita hivyo. Mimi sioni ubaya.

Juni 5
Kumwagilia asubuhi, kumwagilia jioni. Shwari.

Juni 9
Gari la wenye bwawa limepita na kipaza sauti. Lango la chini limeliwa na kutu, lazima libadilishwe, kwa hiyo maji yatashushwa polepole hadi yabaki kidogo sana, na bwawa litajazwa tena na mvua. Majirani wamelijadili jambo hili mpaka chai ikapoa. Kwangu limeingia sikio hili likatokea lile. Bwawa ni lao, kisima ni changu.

Juni 12
Amekuja mpimaji wa bwawa, binti mwenye buti za mpira na utepe mrefu uliofungwa kidude cha chuma mwishoni. Anataka kupima kina cha visima vyote vilivyo karibu, kila wiki, muda wote bwawa likiwa chini. Nilimwambia hapa hapana haja.

"Kisima changu na bwawa lenu havina undugu," nikasema. "Lile liko ng'ambo ya barabara, hiki kiko nyuma ya nyumba yangu."

"Si mbali kihivyo, baba. Na udongo wa hapa katikati ni mchanga mtupu."

"Binti yangu, mimi nina jicho la maji. Mahali hapa nilipachagua mwenyewe."

Hakubishana. Aliuliza tu kama kuna kisima kingine jirani. Nikamwonyesha kule juu mlimani kwa kaka, nikamwambia akienda na utepe wake atapima mawe.

Niandike na hili, maana mke wangu anasema naandika ya miche tu. Sisi tumezaliwa wawili, na kaka yangu ni fundi baiskeli. Baba alipofariki, kiwanja kiligawanywa, nusu ya juu na nusu ya chini. Kaka akasema, "Wewe mdogo, chagua." Nikachagua chini penye udongo laini, yeye akabaki na mawe. Tulichimba visima vyetu mwaka uleule. Changu ni kuteremsha ndoo na kupandisha. Chake kinatoa ndoo kumi, kisha kinakaukiwa, na unangoja mpaka kijikusanye tena. Mwaka jana shemeji, mke wa kaka, alikuja kuchota kwangu. Palikuwa na watu wengi, nami nikasema, "Mwambie mumeo achimbe kisima, siyo choo." Watu walishika mbavu. Tangu siku ile shemeji anapanga foleni kwenye bomba la mtaa, na kaka hakanyagi kwangu. Tukikutana njiani ananisalimia kama anavyomsalimia karani. Kaka amekuwa mzito wa utani siku hizi, sijui ni uzee.

Juni 20
Bwawa limeshuka. Pembeni kumebaki mstari wa tope kama alama ya kahawa ndani ya kikombe.

Juni 27
Vijicho vimeshika karibu vyote. Nimefungua nailoni nilizovifungia. Furaha yangu leo ni ya bure, sina wa kumwonyesha ila mke wangu, naye ameshaona michungwa ya kumtosha.

Julai 3
Nimeongeza kipande cha kamba kwenye ndoo. Kamba zikilowa na kukauka mara nyingi hufupika.

Julai 8
Nimeongeza kingine. Mke wangu amesema, "Hiyo kamba inafupika kwa kasi." Nikajifanya hamnazo.

Julai 10
Mama anaishi kwangu, lakini kila baada ya siku chache hupanda kwa kaka na kurudi bila kusimulia kitu. Leo alikuwa ameketi kizingitini akinitazama nikivuta ndoo. Ilipanda ikiwa na maji nusu. Akasema, bila kunilenga hasa:

"Hapo baba yenu alikuwa akifunga mbuzi."

"Hapa kisimani?"

"Hapo hapo. Palikuwa pakavu, hata magugu yalikuwa yanapakimbia. Walipolijaza bwawa, ndipo nyasi zikaanza kuota. Wewe ulikuwa bado unatambaa."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia siku zote hizi. Akasema, "Hukuniuliza. Ulikuwa unasema una jicho."

Alisema bila ubaya wowote, kisha akaomba apewe maji ya kunywa. Nimekasirika siku nzima, wala sijui nimemkasirikia nani.

Julai 14
Ndoo imepanda na mchanga. Majirani wawili walikuja kuchota, nikawaambia nimetia dawa ya kusafisha, warudi kesho kutwa. Uongo ulitoka mdomoni laini kabisa.

Julai 16
Leo nimefanya jambo ambalo ningemsikia mtu mwingine amelifanya ningecheka hadi jioni.

Saa ya jua kali, watu wote wamejilaza ndani, nilifunga madumu manne kwenye baiskeli nikaenda bwawani. Maji yaliyobaki yako mbali na ukingo, nikazama tope hadi magotini kuyafuata. Nikajaza madumu, nikayasukuma hadi nyumbani, na badala ya kuimwagilia miche yangu inayolia kiu, nikayamwaga kisimani. Yote. Nilitaka majirani wakija wakute maji, waone kitu kinang'aa pale chini. Nikaenda safari ya pili. Niliporudi nikachungulia, na yale ya kwanza hayakuwepo. Nikamwaga na hayo. Nikasimama nikisikiliza, nayo yakanywewa taratibu kama chai kwenye mkate.

Safari ya tatu ringi ya nyuma ikapinda kwa uzito, madumu yakaanguka barabarani, na hapo nikajua yameisha. Nikainua macho, mke wangu amesimama mlangoni. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Hakucheka. Alisema tu, "Njoo ule," akashika mpini wa baiskeli upande mmoja, nami upande mwingine.

Ringi imepinda kabisa. Fundi baiskeli hapa mtaani ni mmoja.

Julai 19
Nimemfuata mpimaji mwenyewe kule bwawani, nikamwambia kama bado anataka kupima kisima changu, apime. Hakunicheka. Alinichukua tukatembea kando ya ukingo ambao zamani ulikuwa chini ya maji. Akanionyesha mahali ambapo tope lilikuwa bichi wakati kila kitu kimekauka. Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye ukingo, vijito vidogo vya upana wa kidole, yakielekea bwawani.

"Hayo yanatoka wapi?" nikauliza.

"Kwako, baba." Akaelekeza kidole nyumba yangu. "Bwawa halikuwekewa sakafu. Likijaa, maji yanapenya chini na pembeni, yanaujaza mchanga, na mchanga unakijaza kisima chako. Sasa limeshuka, yale yaliyoingia yanageuza njia. Yanarudi."

Nilichuchumaa nikatia mkono. Yalikuwa baridi kama ya kisimani kwangu. Miaka yote hii nimejisifia maji ya kuazima, na mwenyewe amekuja kuyachukua bila kupiga hodi.

"Na cha kaka yangu?"

"Chake kinakunywa mvua ya mlimani, inapita kwenye nyufa za mawe. Kidogo kidogo. Nimekipima tangu Juni, hakijashuka hata kiganja."

Kwa hiyo kaka alimruhusu tangu siku ya kwanza.

Julai 24
Mchimba visima ameteremka kwangu ili aongeze kina. Mchanga ukaanza kumporomokea kutoka kando, akapanda mbio kuliko alivyoshuka. Amesema harudi hata nikimbembeleza.

Julai 28
Bomba la mtaa ni la maji ya kunywa, kumwagilia kumepigwa marufuku. Bwawani hakufikiki tena, lililobaki ni dimbwi katikati ya tope, na wamelizungushia uzio. Miche inaishi kwa maji tuliyooshea vyombo. Majani ya mstari wa kwanza yameanza kujikunja. Usiku nalala nikiyaona.

Agosti 1
Imekufa michache. Nimeing'oa kabla mke wangu hajaamka, lakini aliona viriba vya miche vimebaki na udongo mtupu. "Kwa kaka yako kuna maji," akasema. Nikainamia miche. "Basi mwache mwalimu aje akute kuni," akasema, akaingia ndani.

Agosti 3
Nimepanda mlimani kwa kaka.

Nilichukua ndoo mbili na kujipa moyo njia nzima kwa kupanga maneno. Nilipofika, maneno yote yakanitoka. Shemeji alikuwa anapepeta mchele uani. Aliziona ndoo kwanza, mimi baadaye.

"Karibu, shemeji."

"Asante. Kaka yupo?"

"Yuko chooni," akasema, akanyoosha kidole kisimani.

Na kweli kaka alikuwa ndani ya kisima, anatoa matope. Niliona kofia yake tu. Shemeji aliendelea kupepeta, uso mkavu kabisa, lakini ungo ulikuwa unatetemeka. Nilisikia masikio yanawaka. Ningeweza kurudi nyumbani wakati ule, na namshukuru yule aliyefanya miguu yangu kuwa mizito.

Kaka akapanda ngazi, tope hadi kwenye nyusi. Akanitazama, akatazama ndoo. Nilikuwa nimejiandaa anipe vidonge vyangu, nivimeze. Alijipangusa mikono, akasema neno moja: "Chota."

Nikachota. Maji yalikuwa mazito kidogo kwa ajili ya kazi yake, lakini ni maji. Nikashuka nikayamimina, nikapanda tena, nikashuka, nikapanda. Ndoo ya kumi na moja ikagonga jiwe. Nikavuta, tupu. Nilibaki nimeshika kamba sijui nifanye nini, maana kwangu sijawahi kungojea maji.

"Kinapumzika," kaka akasema. Akasukuma kigoda kwa mguu. "Kaa."

Nikakaa. Yeye alikuwa anakaza spoki za gurudumu la mteja. Nilisikia maji yakidondoka ndani ya mawe, tone, halafu kimya, halafu tone. Baada ya muda mrefu kaka akasema, "Tayari," bila hata kuchungulia. Nikateremsha ndoo, ikazama.

Agosti 4
Nimepanda. Ndoo kumi, kukaa, ndoo kumi. Kaka amesema, "Jua kali." Nikasema, "Kali sana."

Agosti 5
Vivyo hivyo.

Agosti 9
Mstari wa kwanza umeinua majani.

Agosti 13
Kaka ameuliza kwa nini nabeba kwa mikono wakati nina baiskeli. Nikasema ringi imepinda. Akasema niilete.

Agosti 14
Nimeileta. Kisima kilipoanza kupumzika, kaka akaigeuza baiskeli juu chini, akalizungusha gurudumu la nyuma, likayumba kama mlevi.

"Hii imebeba nini?"

"Mzigo."

"Mzigo gani? Ringi hii niliifunga mwenyewe, haipindi kwa mzigo wa miche."

Nilitaka kudanganya. Lakini nimekaa kwenye kigoda kile siku nyingi, na nimechoka kuwa mtu mwenye maneno tayari. Nikamwambia, "Maji. Nilikuwa nachota bwawani."

"Kumwagilia."

"Hapana. Kumwaga kisimani."

Akaacha kuzungusha. "Kisima kipi?"

"Changu. Ili watu wasijue."

Kaka alinitazama muda mrefu. Kisha kitu kikaanza mabegani mwake, kikashuka tumboni, na spana ikamdondoka. Sijamsikia akicheka vile tangu tukiwa watoto. Alicheka hadi akakaa chini kwenye mchanga, akamwita shemeji, akashindwa kumweleza, akawa ananyooshea kidole baiskeli na kuonyesha kwa mkono mtu anayemwaga, anayemwaga. Shemeji alipoelewa akajifunika uso kwa khanga. Nami nikacheka. Nilianza kwa aibu, nikaishia kucheka kweli, machozi yananitoka, na nadhani baadhi yake hayakuwa ya kicheko.

Alipopata pumzi kaka aliuliza, "Na kilikunywa yote?"

"Yote, kaka. Hakikusema hata asante."

Akaanza upya.

Agosti 15
Ringi imenyooka. Kaka amekataa chochote, amesema ameshalipwa jana.

Agosti 26
Majirani waliokuwa wakichota kwangu sasa nao wanapanda kwa kaka. Ameweka utaratibu: wa kunywa na kupikia kwanza, mimi na michungwa yangu mwisho. Ni haki. Nangoja na kina mama, nasikia habari zote za mtaa ambazo zamani zilikuwa hazinifikii.

Septemba 2
Leo uani palikuwa pamejaa. Shemeji alikuwa anagawa zamu. Nilisimama, nikamwambia, "Shemeji, mwaka jana nilikusema vibaya pale kwangu." Nilisema kwa sauti ya chini.

Akasema, "Siku ile ulisema watu wote wakasikia."

Basi nikasema tena kwa sauti. Nilisema nilimdhalilisha yeye na mumewe mbele za watu, kwamba neno lile halikuwa utani, na kwamba naomba anisamehe. Ndoo zilikuwa zinagongana kwenye foleni. Shemeji alinitazama kisha akasema, "Yameisha. Zamu yako bado." Wote wakacheka, na safari hii nilistahili.

Nilidhani ningejisikia mdogo. Nimelala mapema, usingizi wa mtoto.

Septemba 11
Tukiwa tunangoja, nilimuuliza kaka kwa nini wakati ule aliniachia nichague. Nimeamini miaka yote kwamba nilimzidi ujanja. Alikuwa anatia viraka tairi la ndani, akalizamisha kwenye beseni kutafuta panapovuja.

"Nilijua utachagua chini," akasema. "Ulikuwa na mikono ya kushika kisu cha kubebeshea, siyo mtaimbo. Huku juu yangekuua mawe."

Akaona kipovu, akaweka alama. Mimi nilikuwa na mengi ya kusema, nikamshikia tairi.

Oktoba 4
Joto. Kisima cha kaka sasa kinatoa ndoo saba, nacho kinahisi kiangazi. Tunakaa zaidi.

Oktoba 19
Mpimaji amepita. Lango jipya limefungwa. Mama amemuuliza kama ameolewa. Binti akasema kazi kwanza. Mama akasema hata yeye alisema hivyo.

Novemba 6
MVUA.

Novemba 17
Mwalimu mkuu amekuja na lori. Iliyokufa ni michache, na nimemwambia idadi yake kabla hajahesabu. Aliisifia miche, akasema, "Kweli kisima chako hakikauki, bwana." Mke wangu alikuwa karibu, akanitazama nitasemaje.

"Kilikauka Julai," nikasema. "Miche hii imelelewa na kisima cha kaka yangu. Yule pale."

Kaka alikuwa anapakia viriba kwenye lori, akajifanya hasikii. Lakini baadaye nilimwona anamwelekeza dereva namna ya kuishika miche, kama mtu aliyeibebesha mwenyewe.

Novemba 28
Bwawa limejaa karibu nusu, na kisima changu bado kikavu. Nimemlalamikia mpimaji. Amesema, "Ngoja, baba. Ardhi nayo ilibaki na kiu. Ikishiba yenyewe ndipo kisima kitapata." Zamani ningebishana. Sasa kungoja nakujua.

Desemba 9
Asubuhi nimeteremsha ndoo kwa mazoea tu, ikatoa mlio mwingine. Nimemwita mke wangu, tumeinamisha vichwa wote wawili. Maji ya kufunika kiganja.

Desemba 20
Yamepanda hadi pale pa zamani. Nimewaambia majirani wachote. Mmoja ameita, "Bwana Hakikauki amerudi!" Nikamwambia jina hilo alipeleke bwawani kwa mwenyewe.

Desemba 22
Jioni nilichukua ndoo moja. Mke wangu akauliza, "Unakwenda wapi na ndoo, na kisima kimejaa?"

"Kuchota maji," nikasema.

Akanipa chane ya ndizi mbivu nimpelekee shemeji.

Kaka alikuwa uani na gurudumu lake. Akaitazama ndoo yangu, akanitazama mimi. Kisima chake kilikuwa kimejaa kwa mvua, maji karibu kabisa na mdomo, na kamba ilikuwa kavu, hakuna aliyechota tangu asubuhi. Akasukuma kigoda kwa mguu.

"Kinapumzika," akasema. "Kaa."